Aliyebaki Kwenye Benchi

Hivi wewe umeshawahi kumwona fundi cherehani anayepima watu wa mtaa mzima, halafu mtoto wake mwenyewe hamgusi na tepu? Mimi ninakaa naye nyumba moja. Ni binti yangu wa kumzaa.

Chumba chake cha kushonea ni kile cha mbele kinachotazama barabara. Mna cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia iliyochubuka pembe, pasi, na kamba yenye nguo zinazosubiri vifungo. Tepu huivaa shingoni kutwa nzima, hata akija jikoni kuonja chumvi anayo. Kazi yake kubwa ni sare za watoto wa shule ya chekechea iliyo mtaa wa nyuma. Mtoto akiletwa, humsimamisha juu ya kigoda, anampima bega, kifua, kiuno na urefu, huku anamtania, "Simama wima, wewe si ndizi." Lakini ikifika zamu ya binti yake, anarudi nyuma hatua chache, anamtazama jicho moja kalikunja, basi, anashika mkasi. Na wala hakosei. Gauni linakaa mwilini vizuri, na upindo wa ndani ameuacha mpana ili baadaye aufungue. Siku moja nikamuuliza, "Mbona mwanao humpimi?" Akasema, "Mama, kuna namba nyingine mtu hana haja ya kuzisoma."

Nyumbani tuna watoto wawili wa kike waliopishana wiki chache tu kuzaliwa. Mmoja ndiye huyo wa fundi. Wa pili ni wa kaka yake, mwanangu wa kwanza, ambaye yeye na mkewe kazi zao ziko mbali wakaniachia mtoto nilee. Huyu wa kaka mtu ni mwembamba, shingo ndefu, magoti yametokeza kama vifundo vya kamba. Nikamwita Sindano. Wa fundi ni mnene, mashavu yamejaa, na mikono bado ina mikunjo kama ya mtoto mchanga. Huyo wateja ndio waliompa jina. Wakamwita Robota, kama lile robota la vitambaa linaloshushwa likiwa limekazwa kamba. Jina likamganda. Na yeye alikuwa akiitika kwa furaha, kwa sababu robota la vitambaa likifika kwetu nyumba nzima hushangilia. Alidhani wanamsifu.

Sasa, watoto hawa wanakula chungu kimoja. Hapo ndipo watu waliposhindwa kutuelewa, na hata sisi wenyewe tulikuwa hatujielewi.

Sindano ukimpa mboga ya majani anakula. Ukimpa nyanya chungu anatafuna kama anatafuna tango. Nafikiri ukimpa gome la mti atakuuliza kama lina chumvi. Lakini Robota, tangu alipoanza kula vyakula vya watu wazima, mboga ya majani ikimgusa ulimi anasisimka mwili mzima kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Machozi yanamlengalenga. Anautoa ulimi nje na kuufuta kwa kiganja, tena na tena. "Bibi, chungu!" Mimi nikionja, naona mboga tamu kabisa. Namwambia, "Chungu iko wapi? Deko hilo. Kula."

Tena mimi ni mtu nisiyemwaga maji ya mboga. Nililelewa hivyo, kwamba nguvu yote ya majani imo katika maji yake, na mwanamke anayeyamwaga ni mvivu wa kuyakausha. Basi nayakausha mpaka chungu kinalia. Kisha namweka Robota mbele ya sahani, simruhusu kuinuka mpaka aimalize. Mwenzake anamaliza, ananawa, anatoka kucheza. Yeye yupo. Chakula kinapoa, mafuta yanaganda pembeni ya sahani, naye yupo, ameshika tonge moja tangu liko moto.

Ila mimi nikifunga mlango wa mbele, mama yake anafungua wa nyuma. Nikigeuka tu, namsikia anamnong'oneza, "Njoo huku." Huko ni nyuma ya meza ya kukatia, kwenye mkate uliopakwa siagi na kunyunyizwa sukari, na chai ya maziwa iliyokolea utamu mpaka kijiko kinasimama. Mtoto hakulala njaa hata siku moja. Na mboga hakuila hata siku moja. Akazidi kujaa.

Basi ikatokea wakaja watu wa utafiti pale shuleni. Mwalimu mkuu akatuita wazazi, akatueleza kwamba wanataka kujua ndimi za watoto wadogo zinausikiaje uchungu, na kama jambo hilo lina uhusiano wowote na uzito wa mtoto. Siku ya kwanza watawawekea ulimini kipande kidogo cha karatasi chenye dawa chungu kidogo isiyo na madhara. Siku nyingine watawapima uzito. Anayekubali aseme, asiyetaka halazimishwi. Binti yangu akakubali haraka kwa ajili ya watoto wote wawili. Nadhani alisikia habari ya karatasi, habari ya mizani ikampita.

Siku ya karatasi, nilipokwenda kuwachukua, mwalimu wao alinipokea mlangoni anacheka. "Bibi, wajukuu zako ni mbingu na ardhi. Huyu Sindano ameitafuna karatasi, akauliza kama kuna nyingine. Huyu mwingine amelia mpaka amecheua uji wote. Tumemsuuza kinywa, tumempa maji, bado anafuta ulimi kwenye gauni." Nikamtazama Robota. Kifuani gauni lilikuwa limelowa mate. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hata karatasi nayo unaidekea?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ikaja siku ya mizani. Waliiweka barazani, mahali kila mtu anaona. Kina mama tumejipanga na watoto wetu, na mwalimu, masikini, hakuwa na nia mbaya, kila mtoto akipanda alikuwa anaita namba kwa sauti ili mwenzake aiandike. Mbele yetu kulikuwa na muuza mayai, mwanamke wa maneno mengi, mdomo wake hauna breki. Huyo alikuwa na kinyongo na binti yangu, kwa sababu alileta kitambaa cha gauni la mikono mirefu akaambiwa hakitoshi, akashonewa mikono mifupi. Akageuka, akamtazama Robota kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Fundi! Kile kitambaa changu ulichosema hakikutosha, leo nimeona kilikokwenda."

Baraza zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Muache mwenzio, anatangaza biashara! Robota limeshuka!"

Binti yangu naye alicheka. Alicheka kwa mdomo tu, shingo ikiwa imesimama kama mti. Nikamwona mkono wake unamtoa mtoto kwenye foleni, taratibu, kama mtu anayevuta uzi usikatike. "Ana homa huyu," alimwambia mwalimu. "Atapimwa siku nyingine."

"Mama, mimi sina homa," Robota akasema.

"Unayo."

Njiani Sindano peke yake, aliyekuwa amekwisha kupimwa, alikuwa akirukaruka mbele na kuimba namba yake. Na tangu siku hiyo Robota akiitwa jina lile haitiki kwa kicheko. Anaitika chini chini, huku anavuta gauni tumboni.

Shule ikatuma ujumbe, waliokosa mizani waende kliniki Ijumaa asubuhi, watawakuta watafiti huko. Asubuhi hiyo nikamwona binti yangu anawavika wote wawili. Nikajua tunakwenda sote, nikajitanda khanga yangu. Tulipofika kona ya kliniki akachutama mbele ya Sindano, akamwekea sawa ukosi.

"Sikiliza. Ndani ya kile chumba, leo mimi ndiye mama yako. Wakikuuliza jina, taja la dada yako. Ukifanya vizuri nakununulia puto."

"La rangi gani?" Sindano akauliza.

Nikamvuta binti yangu kando. "Mwanangu, unafanya nini?"

"Mama, pale hawatujui. Wanataka namba, nitawapa namba. Hutaki hata siku moja watu wapite mlangoni kwetu bila kucheka?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini ule haukuwa wa mwenzangu, ulikuwa wangu pia. Mimi nami nilikuwa nimesimama pale barazani. Mimi nami nilitamani ardhi ipasuke. Nikamshika Robota mkono.

"Wewe kaa na bibi kwenye benchi," mama yake akamwambia. "Narudi sasa hivi."

Benchi lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta, kando ya mlango usio na mlango, pazia tu la kijani lililofifia katikati. Ukikaa pale unasikia hata mtu akifungua kalamu. Hilo hatukulifikiria. Robota alikaa miguu inaning'inia, anaibembeza mbele na nyuma.

Ndani, sauti ya dada mmoja, kijana, mpole. "Karibuni. Huyu ndiye aliyekuwa na homa? Jina lako nani, mrembo?"

Sindano akataja jina la mwenzake. Miguu ya Robota ikasimama hewani.

"Bibi, kasema jina langu," akaninong'oneza.

"Nyamaza, mke mwenzangu."

"Panda hapa. Hivyo hivyo. Mwepesi huyu kama unyoya!" Nikasikia kalamu inaandika. "Mama, wenzangu waliniambia mtoto huyu siku ile karatasi ilimtesa sana. Naomba tumjaribu tena kidogo, kama hutajali. Haya, toa ulimi. Unasikia nini?"

"Karatasi," Sindano akasema.

"Chungu?"

"Hapana. Ni karatasi tu. Nipe nyingine."

"Ajabu. Basi mshike mama mkono, ushuke..."

"Huyu siyo mama, ni shangazi," Sindano akasema, kwa raha zake, kama mtu anayemsaidia mwenzake asipotee. "Mama yangu yuko mbali. Wa kupimwa yuko nje na bibi. Yeye ni mnene ndiyo maana kaachwa. Shangazi, puto bado nitapata?"

Jamani. Nimezika mume, nimefiwa na wazazi, lakini kimya cha pale nyuma ya pazia sijawahi kukisikia. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, nyembamba, siyo ile anayowatania nayo wateja.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa naona aibu. Watu wanamcheka. Wananicheka mimi. Naona aibu kutembea naye."

Nilinyoosha mkono niyazibe masikio ya mtoto. Nilichelewa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta gauni tumboni, anavuta, mpaka uzi wa mshono ukaanza kuonekana.

Dada wa utafiti alitoka, akachutama mbele ya benchi. Alikuwa msichana mdogo tu, viatu vyake vimeliwa visigino. Hakutugombeza. Nafikiri angetugombeza ingekuwa nafuu. "Na wewe njoo basi, mrembo," akamwambia Robota.

Robota akatikisa kichwa. "Mpime Sindano. Yeye ni mwepesi."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye pazia, nusu ndani nusu nje. Akauliza, macho yakiwa sakafuni, "Dada, hiyo karatasi ndiyo inayosema kwa nini amenenepa?"

"Hapana, mama, siwezi kukuambia hivyo. Ndicho tunachokitafuta, na bado hatujakijua sawasawa. Kuna watoto wanaozaliwa na ndimi zinazousikia uchungu sana, na wengine hawausikii kabisa. Anayeusikia sana anaweza kuzikataa mboga. Wengine wa namna hiyo wanakimbilia vitamu, wengine wanabaki wembamba. Lakini uchungu anaousikia ni wa kweli. Hadanganyi." Akatoa karatasi mbili, moja akampa binti yangu, moja mimi.

Mimi niliinyonya kama Sindano, nikangoja. Karatasi. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekunja uso wote, ameshika mdomo, machozi yanamtoka, anatafuta mahali pa kutema. Akaishia kutemea kwenye kitambaa chake cha mkononi. Nikayakumbuka maji ya mboga ninayoyakausha mpaka chungu kinalia, uso ukanishuka.

Nikageuka nimwonyeshe Robota, nimwambie, mtazame mama yako naye. Robota hakuwa anatazama. Hakutaka kupimwa, na dada yule alisema hapimwi mtoto kwa nguvu. Tukaondoka. Puto lilinunuliwa, jekundu, maana ahadi ni deni, na Sindano akaenda nalo mbele. Lilikuwa kitu cha pekee kilichochangamka katika msafara wetu.

Mchana ule tukala. Nilipokuwa naondoa vyombo, Robota akaenda mpaka kwenye cherehani, akasimama mbali kidogo.

"Shangazi, naomba maji."

Binti yangu akadhani anatania. "Nani shangazi yako?"

"Wewe. Sindano amekuwa wako. Ulisema kule konani."

Mwenzangu, mtoto wa umri ule hasemi kwa kejeli. Alikuwa amepanga mambo kichwani mwake, akayapokea. Kama Sindano amechukua jina na mama, basi yeye amebaki na shangazi. Tulimweleza. Nilimwambia mimi, mama yake akamwambia, Sindano mwenyewe akamwambia, "Mimi simtaki, nina wangu." Anasikiliza, anaitikia ndiyo, akitaka kitu anasema shangazi. Asubuhi shangazi, jioni shangazi. Binti yangu akawa anakosea kazi. Alishona mkono wa kushoto kulia. Alimchoma mteja pini.

Mimi nilianza kumwaga maji ya kwanza ya mboga. Nikachemsha upya, nikaweka karoti na nazi kidogo, nikamtilia Robota kijiko kimoja, nikamwambia akishindwa aache. Siku nyingine alikula, siku nyingine aliacha. Mama yake naye akaacha kunong'oneza nyuma ya meza. Lakini hayo ya sahani yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa lile neno, nalo halikutoka mdomoni mwake.

Mpaka ilipofika siku aliyokuja muuza mayai. Alikuja na sare ya mwanawe ipunguzwe kiuno, trei ya mayai ameiweka juu ya meza ya kukatia, anaongea hataki kumaliza. Wateja wengine walikuwa wameketi wanasubiri. Mimi nilikuwa kwenye kigoda natia vifungo. Robota akaingia, mguu umechubuka, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shangazi, nimeanguka."

Muuza mayai akashika kiuno. "Loo! Kumbe siyo wako huyu? Miaka yote hii namwonea bure fundi wa watu! Ni wa kaka yako?"

Njia ya binti yangu ilikuwa imefunguliwa hapo, wazi, pana. Angekubali tu, au angecheka tu, mambo yangepita. Robota amesimama katikati ya chumba, anavuta gauni.

Binti yangu akatoa miguu kwenye kanyagio. Akainuka.

"Ni wangu," alisema. "Nimemzaa mimi. Huyo mwembamba ndiye wa kaka. Huyu ni wangu."

"Sasa mbona anakuita..."

"Kwa sababu nilimkana." Aliwageukia wateja wote. "Nyie mlinicheka pale barazani, nami nikaenda kliniki na mtoto wa kaka yangu, nikasema ndiye huyu. Yeye nikamwacha nje kwenye benchi, akasikia kila kitu. Haya, mmesikia na ninyi. Chekeni."

Hakuna aliyecheka. Muuza mayai alianza kuyapanga mayai yake upya kwenye trei, yai moja moja, na yalikuwa yamepangika tayari.

Binti yangu akapiga magoti sakafuni kwenye vipande vya nyuzi na vitambaa, uso kwa uso na mtoto. Akampangusa goti kwa upindo wa gauni lake mwenyewe. "Nilikuonea aibu," akamwambia. "Wewe hukufanya lolote la aibu. Mimi ndiye nimefanya. Umeelewa?"

Robota akafuta pua kwa kiganja.

"Umenikasirikia?"

Akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Basi niambie. Siku ile pale kliniki, ulitaka nini? Puto? Ulitaka turudi nyumbani?"

Mtoto aliziangalia nyuzi, akaliangalia goti lake. Nilikuwa nimeshika kifungo na sindano sijashona. Kisha akaunyoosha mkono wake mnene, mikunjo yote na vumbi lake, akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Nilitaka unishike hivi," akasema, "tuingie mimi na wewe, mama."